Jicho la Mama, Picha ya Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyemfundisha. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Iringa hawalijui, na wale wa Mbeya wanaolijua wamechoka kulisikia kutoka kwangu.

Nina studio Mwanjelwa, chumba kimoja chenye pazia jeupe la picha za pasipoti na pazia la bluu la picha za familia. Harusi, kipaimara na mahafali ndivyo vinavyoniweka mjini. Lakini kitu nilichokipenda hasa, tangu nilipoanza kujitegemea, kilikuwa kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu sana: jicho la panzi, mguu wa nyuki ulioshika unga wa maua, sisimizi anayekunywa tone la umande. Kazi hiyo ina lenzi yake, inayokusogeza mpaka nzi wa kawaida anajaza picha nzima kama fahali. Mwezi ukipita bila harusi ya Jumamosi nilikuwa nashuka Usangu, nalala nyumba ya wageni pale Rujewa, na alfajiri nakwenda kwenye majaruba ya Ubaruku. Saa zile kereng'ende bado wana baridi. Wanakaa kwenye mashina ya mpunga, mabawa yamelowa, hawawezi kuruka mpaka jua liwapashe. Hapo ndipo unapoweza kumkaribia mmoja mpaka pumzi yako inamtikisa. Wakulima walionikuta nimelala kifudifudi kwenye tuta walinisalimia kwa uangalifu. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nimetumwa kupima mashamba.

Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiwa karibu kiasi kile, sehemu inayotoka vizuri kwenye picha ni nyembamba kama karatasi. Ukipata jicho, bawa limepotea. Ukihema vibaya, vyote vimepotea. Nilirudi Mbeya mara nyingi na kadi iliyojaa picha na nisipate hata moja ya kuonyesha. Hata hivyo nilikuwa na picha chache ambazo nilizipenda, na katika kundi letu la wapiga picha wa nyanda za juu, kule kwenye simu, nilijulikana kama dada wa wadudu. Nililipenda jina hilo.

Mdogo wangu alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, kwenye barabara ya kwenda hifadhini, si mbali na nyumbani kwetu Idodi. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka watalii hukatika, na mwaka ule waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Akarudi kwa mama. Mama naye macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo ilikuwa vizuri kuwa na mtu. Nilipokwenda Krismasi nilimkuta mdogo wangu amekonda kwa kukosa la kufanya. Nilikuwa na kamera yangu ya zamani, na vipete vinavyokaa kati ya lenzi na kamera ili kuisogeza karibu, vitu nilivyovitumia kabla sijapata lenzi ya maana. Nikampa. Tulikaa chini ya upenu wa jiko mchana mzima, nikamwonyesha namna ya kuegemeza viwiko, namna ya kutoa pumzi nusu kabla ya kubonyeza, namna ya kuchagua upande wenye mwanga. Alikuwa anacheka kila mdudu akiruka. Niliondoka nikijua nimemwachia mchezo wa kupitishia mvua.

Baada ya wiki kadhaa alinitumia picha. Nilikuwa studio, kuna mteja amekaa kwenye stuli anasubiri nimpige ya pasipoti. Nikafungua simu. Alikuwa vunjajungu juu ya jani la maharage ya mama, amegeuza kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake, na macho yake mawili ya kijani yalikuwa yananitazama mimi. Nimewapiga vunjajungu wengi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama hivyo.

Nikaikuza kwa vidole nikitafuta kosa. Nikalipata: ncha za papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zilikuwa hazijatoka vizuri. Nikamwandikia kwamba ni nzuri, ila siku nyingine aangalie papasi. Akajibu asante dada, na alama ya moyo. Mteja wangu aliniuliza kama kuna taarifa mbaya. Nikamwambia hapana, anyooshe shingo.

Alituma nyingine, na nyingine. Buibui mdogo wa ukutani, wale wanaorukaruka, mwenye macho yamejipanga mbele kama shanga nyeusi, na katika kila shanga dirisha dogo la nyumba yetu. Nzi juu ya ukingo wa kikombe. Mchwa aliyebeba bawa la mwenzake. Nikamwingiza kwenye lile kundi la wapiga picha, kwa sababu nisingemwingiza ningejiona mbaya. Watu ambao miaka yote walinipa kidole gumba na kuendelea na mambo yao, sasa walikuwa wanaandika maelezo marefu. Mmoja akauliza huyu ni nani, ametokea wapi. Nikajibu kwamba ni mdogo wangu, nimemfundisha mimi. Akaweka mikono ya kupiga makofi, lakini akaiweka chini ya picha, si chini ya maneno yangu.

Kiswahili kina neno kijicho, na nimeshalifikiria sana. Wivu unaweza kuwa wa mapenzi, wa mali, wa mtu kumgombea mtu. Kijicho ni kumwangalia mwenzako na kutotaka alichonacho kiwe kwake. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, na nilikuwa navyo juu ya mtu niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Angekuwa amenizidi vifaa ningejua la kufanya, ningetafuta vifaa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na lenzi, miguu ya kamera, na taa ya duara inayozunguka lenzi. Yeye alikuwa na vipete vyangu vya zamani, na kipande cha dumu la mafuta ya kula alichokikata kulainisha mwanga. Nilikata dumu langu. Nikafanya kama alivyofanya. Picha zangu zikawa na mwanga mzuri zaidi, na zikabaki vilevile.

Alipokuja Mbeya kunitembelea nilimchukua Ubaruku. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumtembeza, ila nilitaka kumwona akifanya kazi. Asubuhi tulipata kereng'ende mwekundu kwenye ukingo wa jaruba, tukalala pande mbili za shina moja, mwanga uleule, baridi ileile. Nilipiga mfululizo, nikisogeza kamera nywele kwa nywele. Yeye aliweka kamera kifuani na kumtazama tu. Akatazama mpaka nikaanza kuona anapoteza muda. Jua lilipogusa mpunga akainua, akabonyeza mara chache, kisha akakaa kitako kufuta matope kwenye magoti.

Tulipokuwa tunakunywa chai na chapati pale Rujewa tuliangalia picha zetu kwenye vioo vya kamera. Zangu zilikuwa safi. Ungeweza kuhesabu vyumba vidogovidogo vinavyounda jicho lile. Kwenye yake, kereng'ende alionekana kama mtu aliyeamka na bado hajaamua siku yake aianzie wapi.

Nikamuuliza alifanya nini.

"Nilisubiri anizoee tu," akasema.

Nikamuuliza mdudu anamzoeaje mtu kwa muda mfupi namna ile. Akacheka, akamwomba mhudumu amwongezee chai. Njiani kurudi alilala kichwa chake kikiwa begani kwangu, nami nilikaa nimenyooka nisimwamshe, nikiwa nimemkasirikia kutoka Rujewa mpaka tulipofika Uyole.

Sasa nifike kwenye habari ya mama.

Kuna mwanamke mmoja mwenye mgahawa Iringa mjini. Familia yao ilitoka pwani zamani kwa biashara ya vitambaa, na watalii wanaokwenda hifadhini hupumzika kwake kunywa kahawa. Mdogo wangu alikuwa akipeleka wageni pale wakati yuko kazini, wakazoeana. Mwanamke huyo akaona picha zake kwenye simu na kumwambia kwamba ukuta wake wote wa upande wa dirisha uko wazi, alete picha zitundikwe, na siku ya kuzitundika wataalika watu. Mdogo wangu alinipigia simu kwa furaha mpaka maneno yanagongana. Alikuwa na ombi. Mimi najuana na mchapaji mzuri Mbeya. Je, ningemsimamia uchapaji?

Nilikubali. Na niseme kwamba niliifanya kazi ile kwa heshima yote. Nilirekebisha rangi, nilikataa karatasi ya kwanza, nilimrudisha mchapaji mpaka weusi ukawa mweusi kweli. Kuna kiburi cha kazi ambacho wivu haukigusi, au labda kwangu vilikuwa kitu kimoja: kama itasemwa ni picha nzuri, basi angalau isisemwe ilichapwa vibaya.

Alituma mafaili mengi kwa pamoja na mimi sikuyafungua yote. Kwa hiyo ile ya mwisho niliiona kwa mara ya kwanza ikitoka kwenye mashine, polepole, kuanzia juu. Kwanza ngozi yenye mikunjo mizito kama kitambaa kilichokaa sandukuni. Halafu kope, chache, zenye mvi. Halafu jicho lenyewe, kubwa kama sinia. Sehemu ya rangi ilikuwa ya kahawia, ina nyuzinyuzi kama mizizi inayokimbilia maji, na pembeni yake duara la kijivu wanalokuwa nalo wazee. Katikati, kwenye mboni, pale ambapo pangekuwa peusi, palikuwa na weupe uliotulia kama maziwa yaliyoganda. Mtoto wa jicho.

Mchapaji aliniuliza kama ni mwezi.

"Ni mama yangu," nikamwambia.

Akapunguza sauti ya redio.

Nilijuaje? Kuna kovu dogo mwisho wa kope, alipoumwa na ng'e kabla sijazaliwa. Na kulikuwa na kingine. Jicho la mtu ukilipiga kwa karibu huwa linakuonyesha wewe mwenyewe uliyeko mbele yake, na hilo wapiga picha wengi hulikwepa. Mdogo wangu hakulikwepa. Kwenye ule unyevu wa jicho kulikuwa na mlango wa jiko letu, mwanga umemwagika kutoka nje, na mbele ya mlango mtu mdogo mweusi amepiga magoti, viwiko vyake vimekaa juu ya mapaja ya mama. Alikuwa karibu kiasi hicho. Mama alikuwa amemwegemeza.

Nilisimama pale kwenye harufu ya wino nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Kwa maana mimi nilishaomba. Si mara moja. Kila nilipokwenda Idodi na lenzi yangu nilimwambia mama nataka kulipiga jicho lake, nikamweleza ni kitu kizuri, si cha kutangaza ugonjwa. Alikuwa ananijibu kwamba jicho lake limeharibika, la nini kuliweka kwenye picha. Nilimheshimu, nikaacha. Nikimpiga picha za kawaida alikuwa anafunga kitambaa upya, anakaa wima kama yuko mbele ya afisa uhamiaji, na uso wake unafungwa.

Nikampigia mdogo wangu simu palepale nje ya duka la mchapaji. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida. Nikamuuliza alimshawishi vipi mama.

"Sikumshawishi," akasema. "Yeye mwenyewe aliniambia, wewe kila siku unapiga macho ya wadudu, langu mbona huliulizi?"

Nikasema sawa. Nikasema picha zimetoka vizuri. Nikakata simu, nikarudi ndani, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilimwambia mchapaji kwamba karatasi yoyote itafaa. Kisha nikabadili mawazo kabla hajaikata.

Nilizipeleka Iringa kwa basi, zimefungwa kwenye blanketi. Mama alikuja na mdogo wangu kutoka Idodi, amevaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwani cha kanisani. Watu walikuja mchana ule, wengi kuliko nilivyotegemea: walimu, vijana wa chuo, watalii wachache, marafiki wa mwenye mgahawa na baibui zao na vicheko vyao. Walipita mbele ya vunjajungu na buibui wakitabasamu, wakifika kwenye jicho walisimama. Mdogo wangu alisimama kona akiwa amekunja mikono, anaona aibu. Kila aliyempongeza alimwambia, huyu hapa ndiye dada yangu, yeye ndiye mpiga picha hasa. Walinipa mkono na kumrudia yeye. Ningependa asingesema hivyo. Nadhani ningependa pia kama angekuwa na majivuno kidogo, ningepata pa kushika.

Mama aliongozwa mpaka mbele ya picha yake. Alisogeza uso karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

"Hii ndiyo ile ya vunjajungu?" akauliza.

"Hapana mama, ni wewe," mdogo wangu akamwambia.

Mama akagusa fremu kwa ncha za vidole, akaizunguka yote kwa mkono kujua ukubwa wake. Niligeuka kuangalia barabarani.

Miongoni mwa watu waliokuja kunywa kahawa alikuwa daktari wa macho, mwanamke wa makamo, ambaye hata hakualikwa, aliingia kama mteja. Alikaa mbele ya picha ile mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akauliza mwenye jicho yuko wapi. Tukampeleka kwa mama. Akamkalisha kwenye kiti cha dirishani, akamtazama macho yote mawili, akamuuliza tangu lini, na nani alimwambia halitibiki. Mama akajibu kwamba hakuna aliyemwambia, aliona tu ni uzee, na majirani waliona vivyo hivyo. Daktari akasema kwa upole kwamba ni upasuaji mdogo, unafanyika palepale Iringa, na hakuna sababu ya kungoja.

Ndivyo ilivyotokea. Na ndivyo habari ilivyoenea Idodi: kwamba binti mdogo amepiga picha, picha imemrudishia mama yake macho. Ilisemwa hata kanisani, kwenye matangazo. Watu walisimama kushukuru. Niliambiwa kwa simu na jirani ambaye alidhani nitafurahi, na nilifurahi. Sitaki mtu afikiri sikufurahi. Ila ndani ya furaha ile kulikuwa na sauti ndogo inayouliza: na aliyewapa kamera?

Wiki ya upasuaji hoteli ilimwita mdogo wangu kazini, kwa hiyo ni mimi niliyekwenda na mama. Nilifunga studio. Nilimshika mkono kwenye korido, nilimjazia majibu ya maswali ya wauguzi, nilimpikia uji kwenye nyumba tuliyofikia pale Mlandege, mjini Iringa. Asubuhi walipokuja kuondoa bandeji nilijisogeza makusudi mpaka nikawa mbele yake kabisa. Niliwaza kwamba hiki kitakuwa changu. Uso wa kwanza utakaoingia kwenye jicho lile utakuwa wangu, na hakuna atakayekiondoa.

Muuguzi akatoa pamba. Mama akapepesa, machozi yakamtoka kwa mwanga, akanikazia macho.

"Mama," akaniambia, jinsi anavyotuita sisi binti zake, "mbona una mvi?"

Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikamwambia zimeanza siku nyingi.

Akatazama nyuma yangu, mlangoni. "Na mdogo wako kaenda wapi?"

Jicho lilipopona sawasawa nilikwenda Idodi na begi langu lote. Nilimwomba mama kwa mara nyingine, na safari hii hakukataa hata kidogo, alisema haya. Nilimkalisha upande wa dirisha, nikafunga kamera kwenye miguu yake, nikawasha taa ya duara. Nilichukua muda. Jicho lililofanyiwa upasuaji lina siri yake: ndani ya ule weusi uliorudi kuna lenzi ndogo ya kutengenezwa, na ukipata pembe sahihi inawaka kama kipande cha kioo chini ya kisima. Kuikamata ni vigumu. Niliikamata. Kila uzi wa jicho lile ulionekana, hakuna hata mmoja uliopotea. Ni picha ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga, na mtu wa kazi hii akiiona atajua.

Nikaikuza nitafute nilivyotokea mimi. Palipotakiwa kuwa na uso wangu palikuwa na duara jeupe la taa. Chini yake mabega.

Mama aliitazama kwenye kioo cha kamera, sasa akiona vizuri. Akasema ni safi, inapendeza. Akainuka kwenda kukoroga maharage.

Nikamfuata jikoni. Sikutaka kuuliza, lakini niliuliza, kwa nini mimi nilipoomba alikataa na mdogo wangu hata hakuomba. Mama hakuacha kukoroga.

"Wewe ulikuwa unakuja na begi," akasema. "Unatoa vitu, unavipanga, unaangalia saa ya gari la mchana. Yeye alikuwa hapa tu."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama anavyoeleza mvua ilinyesha lini. Akaniomba nimpe chumvi. Niliondoka na gari la mchana, maana kesho yake nilikuwa na harusi Mbeya, na maharusi hawangojei mtu akamilishe mambo yake na mama yake.

Nilimtumia mdogo wangu ile picha. Akanipigia simu. Alisema, na najua alimaanisha, kwamba ni kali kuliko yake. Ningeweza kufurahi. Badala yake nilijikuta nikimchukia kwa dakika nzima kwa sababu hata kunisifu alikuwa anajua.

Kilichofuata ndicho sikukitegemea. Mwenye mgahawa alitaka picha mpya kwa ajili ya msimu wa kiangazi, na mdogo wangu akamwambia hana. Nikadhani ni kazi nyingi. Nilipomuuliza akaniambia ameacha. Alikuwa ameacha kazi ya hoteli pia, amejenga banda nyumbani, anafuga kuku. Kamera ilikuwa juu ya kabati la mama, imefunikwa na kitambaa cha kufumwa.

"Dada, nimechoka kulala kwenye umande," akaniambia. "Na nimeshaona."

Nikamuuliza ameshaona nini. Akasema wadudu, macho, vyote hivyo. Ameviona. Nilimfokea, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nikamwambia watu wanatafuta maisha yao yote kitu alichonacho yeye, na yeye anakiacha kama mwavuli kwenye basi. Aliningoja nimalize, halafu akasema kwa utulivu kwamba kama nakihitaji, nichukue. Alikuwa anazungumzia kamera.

Kwenye kundi waliulizia kwa muda, kisha wakaacha. Nikarudi kuwa dada wa wadudu. Vidole gumba vikarudi. Nilikuwa nimevitaka sana, na sasa nilikuwa naviangalia nikipanga albamu za watu, sihisi chochote. Nilishamwonea wivu kwa kuwa nacho. Nikaanza kumwonea wivu kwa kuweza kukiacha.

Mara ya mwisho nilipokwenda Idodi nilimkuta bandani, amemshika tetea mmoja kwapani, amekunja uso. Alinisalimia haraka na kuniuliza kama nimekuja na ile lenzi. Kuku wake walikuwa wanadhoofu, na kuzunguka macho yao kulikuwa na vitu vyeusi vimeng'ang'ania, vidogo kama chenga za pilipili manga. Alitaka kumtumia muuza dawa za mifugo wa Iringa picha aone ni nini, na simu yake ilikuwa inaonyesha ukungu tu.

Nikatoa lenzi. Hapakuwa na nafasi ya miguu ya kamera wala taa. Nilipiga magoti kwenye pumba, yeye akanishikia kuku karibu na kifua chake, nikaegemeza viwiko kwenye mikono yake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuviegemeza. Tulikaa hivyo. Kuku alihangaika, akatulia. Nikatoa pumzi nusu.

Nikaiangalia picha. Jicho la yule tetea lilikuwa la rangi ya machungwa, limejaa, lina hasira na uchovu, na kuzunguka ukingo wake wote viroboto walikuwa wamejipanga, kila mmoja amezamisha kichwa kwenye ngozi, mgongo wake unang'aa. Ilikuwa mbaya na ilikuwa nzuri. Sijawahi kupiga kitu kama kile, na nilijua hivyo kabla sijaikuza. Nikamwonyesha mdogo wangu nikiwa na moyo unaodunda kama wa mwanafunzi.

Akainama, akatazama.

"Viroboto," akasema. "Nilijua tu. Nitumie."

Nikamtumia. Akamtumia muuza dawa, akapigiwa simu papo hapo, akawa anaitikia ndiyo, ndiyo, mafuta ya mgando kwanza, halafu dawa ya kunyunyiza bandani. Alipomaliza alinishukuru, akasema imesaidia sana, imeonekana vizuri kabisa. Halafu nikamwona anaifuta ile picha, kwa kuwa simu yake imejaa. Akanipa yule tetea nimshike, akaenda ndani kutafuta mafuta.